Ukurasa wa hali ya huduma: jinsi ya kuusoma na jinsi ya kuupanga

Makala hii ni kwa wakimbizi, waomba hifadhi na jamii wenyeji wanaotumia simu au kompyuta kujua kama huduma fulani inapatikana leo. Ni pia kwa wale wanaotengeneza na kusimamia kurasa hizo: vikundi vya vijana, mashirika yanayoongozwa na wakimbizi, kamati za kambi, wahudumu wa kujitolea na wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Sehemu ya kwanza inamhusu kila msomaji. Sehemu ya pili inahusu mipangilio, yaani namna ukurasa unavyoonekana na namna unavyofanya kazi.

Kwa ufupi:

- Ukurasa wa hali ya huduma unajibu swali moja: nikienda sasa, nitahudumiwa?
- Usiamini rangi peke yake. Tafuta tarehe na saa ya uthibitisho wa mwisho.
- Kama hakuna aliyethibitisha leo, ukurasa unapaswa kusema wazi kwamba hali haijathibitishwa. Usibaki kijani.
- Ukurasa huu si wa dharura. Nchini Rwanda, piga 112 kwa polisi na 912 kwa ambulensi.
- Huduma za UNHCR na washirika wake hazilipiwi. Ukurasa ukikuomba pesa au nywila ili uone hali ya huduma, uache.

SEHEMU YA KWANZA: KUSOMA UKURASA

Ni kitu gani hasa?

Kampuni za simu, benki na kampuni za kompyuta zimekuwa na kurasa za namna hii kwa miaka mingi. Mtandao ukikatika, mteja anafungua ukurasa mmoja mfupi na kuona kipi kinafanya kazi na kipi kimesimama, bila kupiga simu na kusubiri. Wazo hilohilo linafaa kwa huduma za wakimbizi: dawati la usajili, kituo cha afya, ofisi ya ushauri wa kisheria, nambari ya malalamiko, maji kambini, au malipo ya msaada wa fedha.

Ukurasa wa hali ni tofauti na orodha ya huduma. Orodha inakuambia kwamba dawati fulani lipo, liko wapi na hufunguliwa siku zipi. Ukurasa wa hali unakuambia kama leo, saa hii, dawati hilo linahudumia watu.

Tofauti hiyo ina uzito kwa maisha ya watu. Mkimbizi anayeishi Kigali kwa kawaida hujitegemea. Akipoteza asubuhi kwenda ofisi iliyofungwa, amepoteza nauli na kibarua cha siku. Mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka kambi ya Mahama, wilayani Kirehe, husafiri kwa saa kadhaa kufika mji mkuu. Mama anayetafuta dawa za kila siku hawezi kuambiwa "rudi wiki ijayo" baada ya kufika mlangoni. Taarifa sahihi iliyowahi humwepushia mtu safari. Taarifa isiyo sahihi humsababishia safari ambayo pengine asingeifanya.

Maana ya maneno ya hali

Kila ukurasa una maneno yake, lakini mengi yanaangukia katika makundi haya sita:

- Inafanya kazi. Huduma inatolewa kama kawaida, kwa saa zilizotangazwa.
- Inafanya kazi kwa shida. Iko wazi, lakini foleni ni ndefu, mtandao uko polepole, au wahudumu ni wachache. Unaweza kwenda, ila jiandae kusubiri.
- Sehemu tu inafanya kazi. Kwa mfano, ofisi inapokea barua lakini haitoi vitambulisho. Soma maelezo kabla ya kuondoka nyumbani.
- Imesimama. Usiende. Tazama kama kuna mahali pengine pa kupata huduma hiyo.
- Imefungwa kwa mpango. Kuna sikukuu, mafunzo, ukarabati au uhamisho wa ofisi uliotangazwa mapema.
- Haijathibitishwa. Hakuna aliyetoa taarifa kwa muda uliowekwa. Hii haimaanishi kwamba huduma imefungwa. Inamaanisha kwamba ukurasa haujui. Piga simu kwanza ikiwa safari yako ni ndefu.

Mambo manne ya kukagua kabla ya kuondoka

Kwanza, tazama tarehe na saa iliyoandikwa kando ya huduma unayoitaka. Usitosheke na tarehe iliyo juu ya ukurasa mzima, kwa kuwa inaweza kubadilika kwa sababu huduma nyingine imeguswa.

Pili, fungua ukurasa upya. Simu huhifadhi nakala ya ukurasa uliofunguliwa zamani ili kuokoa bando, na unaweza kuwa unasoma hali ya juzi bila kujua.

Tatu, kama umetumiwa picha ya ukurasa kwenye kikundi cha WhatsApp, tafuta tarehe ndani ya picha hiyo. Picha isiyo na tarehe isikupandishe basi.

Nne, soma saa kwa makini. Kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, "saa tatu asubuhi" ni ile inayoandikwa 09:00. Lakini kompyuta ikiandika "3:00" bila neno "asubuhi" wala "usiku", msomaji mmoja ataielewa kuwa asubuhi na mwingine kuwa usiku wa manane.

Ukikuta hali tofauti na iliyoandikwa

Ukifika na kukuta mlango umefungwa ilhali ukurasa unasema uko wazi, toa taarifa kwa njia iliyoandikwa chini ya ukurasa, au kwa mwakilishi wa kamati ya wakimbizi, au kwenye dawati la malalamiko. Taja huduma, mahali, tarehe na saa. Huhitaji kutoa jina lako wala nambari ya familia yako ili kusema kwamba mlango umefungwa. Taarifa yako inaweza kumwokoa jirani safari ya siku hiyohiyo.

SEHEMU YA PILI: KUPANGA UKURASA

Anza na orodha fupi, kwa majina yanayotumiwa na watu

Kosa la kawaida ni kupanga ukurasa kwa kufuata muundo wa shirika: idara, mradi, mfadhili. Msomaji hajui idara. Anajua mahali na shida yake. Andika "Usajili wa mtoto mchanga", halafu mahali. Andika "Mituweli: msaada kwa wakimbizi wa mjini", kwa sababu tangu makubaliano ya mwaka 2019 kati ya serikali na UNHCR, wakimbizi wa mijini wameweza kuingizwa katika bima ya afya ya jamii, na ndilo jina wanalolitumia.

Gawa huduma kwa mahali kwanza, kisha kwa aina. Mtu wa Nyamirambo hahitaji kupita hali ya maji ya Kiziba au Nyabiheke ili kufika kwenye dawati la Kigali. Programu nyingi huruhusu makundi yanayokunjwa na kukunjuliwa. Ruhusu kundi lenye tatizo lijifungue lenyewe, na makundi yasiyo na tatizo yabaki yamekunjwa.

Usiweke huduma ambayo hakuna mtu aliyekubali kuithibitisha. Huduma kumi zinazothibitishwa kila siku zina faida kuliko arobaini zilizojazwa siku ya uzinduzi na kuachwa.

Mwonekano: rangi, neno na alama kwa pamoja

Kijani, njano na nyekundu zinaeleweka na wengi kwa sababu ya taa za barabarani. Lakini rangi haitoshi. Kuna watu ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na hali hiyo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Kuna simu zenye kioo kilichopasuka au kinachosomeka kwa shida juani. Na kuna ukurasa uliochapishwa kwa wino mweusi na kubandikwa ukutani.

Kwa hiyo kila hali iwe na vitu vitatu: rangi, neno zima, na alama yenye umbo tofauti. Kwa mfano, alama ya tiki kwa huduma inayofanya kazi, mkasi wa X kwa iliyosimama, na alama ya kuuliza kwa isiyothibitishwa. Rangi ya "haijathibitishwa" iwe ya kijivu, isifanane na nyingine yoyote. Jaribu hivi: chapisha ukurasa kwa nyeusi na nyeupe, mpe mtu asiyeujua, umuulize ofisi gani imefungwa. Akisita, rekebisha.

Mambo mengine ya mwonekano:

- Weka matatizo juu, kabla ya orodha ya huduma zilizo salama.
- Nembo iwe ndogo. Picha kubwa za juu ya ukurasa hula bando la msomaji na kumsukumia chini habari anayoitafuta.
- Andika kwa herufi kubwa za kutosha, nyeusi juu ya nyeupe. Epuka kijivu hafifu.
- Usitangaze hali kwa bango la picha pekee. Programu ya kusomea wasioona haisomi vizuri maandishi yaliyo ndani ya picha, na picha haitafsiriki.
- Weka tarehe na saa ndani ya kisanduku kilekile cha huduma. Watu watapiga picha kisanduku hicho na kuituma. Tarehe iliyo mbali, juu au chini ya ukurasa, itakatwa.

Saa: rekebisha kabla ya kufungua ukurasa kwa umma

Programu nyingi za kurasa za hali huja zikiwa zimewekwa kwenye saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Kigali kwa saa mbili. Usipobadilisha, taarifa iliyoandikwa saa 4 asubuhi itaonekana kana kwamba iliandikwa saa 2 asubuhi. Chagua saa za Kigali katika mipangilio. Ikiwa ukurasa wako unahudumia pia watu wa Uganda, Kenya au Tanzania, kumbuka kwamba wao wako mbele ya Rwanda kwa saa moja, wakati Burundi, Goma na Bukavu ziko sawa na Kigali.

Kisha andika saa kwa njia mbili: "saa 3 asubuhi (09:00)". Inaonekana kama kurudia, lakini ndiyo njia ya kumfikia aliyesoma Bujumbura, aliyesoma Uvira na aliyesoma Kampala bila kumpoteza hata mmoja.

Mpangilio muhimu kuliko yote: ukurasa ufanye nini usipoguswa?

Programu karibu zote zina tabia moja: hali uliyoiweka hubaki hivyohivyo mpaka mtu aibadilishe. Kwa kampuni ya kompyuta hilo halina shida kubwa, kwa kuwa mashine hupima mashine kila dakika. Kwa dawati la huduma ni hatari. Kompyuta inaweza kupima kama tovuti inafunguka, lakini haiwezi kujua kama karani amefika, kama dawa zimeisha, au kama mlinzi amepewa amri ya kutoingiza watu. Huduma iliyowekwa kijani Jumatatu itabaki kijani Ijumaa hata kama ofisi ilihama Jumanne.

Ndiyo maana kila huduma inapaswa kuwa na muda wa uhalali. Muda huo ukipita bila uthibitisho, hali inageuka yenyewe kuwa "haijathibitishwa". Panga muda kulingana na jinsi huduma inavyobadilika na gharama ya mtu kukosea:

- Ofisi na madawati: uthibitisho kila siku ya kazi.
- Maji na ugawaji kambini: kila zamu.
- Nambari za simu za msaada: mtu apige na kusikiliza ikipokelewa, angalau mara moja kwa siku.
- Huduma zisizobadilika sana, kama masomo ya jioni: mara moja kwa wiki.

Fikiria pia saa ya uthibitisho. Tangu Januari 2023, saa za kazi za umma nchini Rwanda ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Anayekuja kutoka mbali ameshaondoka nyumbani alfajiri, kabla ya ofisi kufunguliwa. Kwa hiyo uthibitisho wa asubuhi pekee humfikia akiwa njiani. Weka mara mbili: jioni, ofisi inapofungwa, andika hali inayotarajiwa kesho, asubuhi, thibitisha au badilisha.

Je, hili linawezekana bila fundi wa gharama? Ndiyo. Chukua mfano wa Uptime Kuma, programu huria isiyolipiwa. Ina aina ya kipimo kinachosubiri kuguswa kutoka nje: programu hukupa kiungo, na kiungo hicho kisipofunguliwa ndani ya muda uliouweka, inahesabu kwamba kuna tatizo. Mhudumu wa dawati anaweza kuwa na kiungo hicho kwenye simu yake na kukibonyeza kila asubuhi. Kwa kuwa kipimo hicho huonyesha nyekundu kikikosa kuguswa, kipe jina linaloeleza ukweli, kwa mfano "Uthibitisho wa leo: dawati la usajili", ili nyekundu isomwe kuwa hakuna uthibitisho, wala si kwamba ofisi imefungwa. Programu nyingine, kama Cachet iliyo huria au Statuspage ya kampuni ya Atlassian, zina mipangilio yake. Swali la kuuliza kabla ya kuchagua yoyote ni hilohilo: nisipougusa ukurasa kwa siku mbili, msomaji ataona nini?

Wasimamizi wengine huogopa kijivu. Wanasema ukurasa wenye alama za kuuliza unaonekana umetelekezwa. Lakini msomaji aliyeona "haijathibitishwa" atapiga simu. Aliyeona kijani cha uongo atapanda basi, na akirudi mikono mitupu hataamini tena ukurasa huo hata siku unaposema kweli.

Kuandika taarifa ya tatizo

Tatizo likitokea, taarifa hupita hatua nne: tumepata habari na tunachunguza, tumejua sababu, huduma imerudi na tunaiangalia, tatizo limekwisha. Usisubiri kujua sababu ndipo uandike. Msomaji anahitaji kwanza kujua asije. Kila taarifa ijibu maswali matano: nini kimesimama, wapi, tangu lini, nifanye nini badala yake, na taarifa inayofuata itatoka saa ngapi.

Taarifa dhaifu inasomeka hivi: "Tunawaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza kutokana na changamoto za kiufundi." Mtu akimaliza kuisoma bado hajui kama aende.

Taarifa inayofaa inasomeka hivi: "Dawati la usajili, Kigali, halihudumii watu leo Jumanne. Mtandao wa ofisi umekatika tangu saa 2 asubuhi (08:00). Usije leo. Mwenye miadi ya leo atapigiwa simu kupangiwa siku nyingine, na hatapoteza nafasi yake. Taarifa inayofuata: saa 8 mchana (14:00)."

Ahadi ya saa inayofuata ni lazima itimizwe, hata kama la kusema ni "bado haijarudi". Huduma ikirejea, usifute taarifa. Iache katika historia ya ukurasa kwa wiki kadhaa. Mtu aliyekosa miadi siku hiyo anaweza kuihitaji kuonyesha kwamba kosa halikuwa lake.

Kufungwa kulikopangwa

Jaza kalenda ya mwaka mzima mapema. Katika Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, na kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi huduma nyingi husimama. Tarehe 7 Aprili ni siku ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tarehe 1 na 4 Julai ni sikukuu za taifa. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, na mapumziko yake huthibitishwa siku chache au hata jioni moja kabla. Kwa siku kama hiyo, andika mapema "huenda tukafunga Jumatatu au Jumanne, tutathibitisha jioni" badala ya kunyamaza.

Weka tangazo la kufungwa angalau siku saba kabla, na upange mfumo urudishe hali kuwa "haijathibitishwa" muda wa kufungwa unapokwisha. Usiuruhusu urudi kijani wenyewe. Ukarabati wa siku mbili huweza kuwa wa siku nne.

Lugha

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Wasomaji wa ukurasa wa Kigali ni pamoja na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na wapo pia watu waliohamishwa kutoka Libya kupitia kituo cha Gashora, wilayani Bugesera, ambao wengi wao huzungumza Kitigrinya, Kiarabu au Kisomali.

Si lazima kutafsiri kila kitu siku ya kwanza. Tafsiri kwanza maneno sita ya hali na sentensi kumi zinazojirudia: "Usije leo", "Leta kitambulisho", "Mwenye miadi atapigiwa simu". Zihifadhi kama violezo, ili anayeandika saa 1 asubuhi ajaze tu tarehe na mahali. Lugha ambayo taarifa mpya haijatafsiriwa isiachwe ikionyesha taarifa ya zamani. Weka mstari usemao kwamba kuna taarifa mpya katika lugha nyingine.

Jaribu pia maneno yenyewe. Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Dar es Salaam havifanani kwa kila neno. "Haifanyi kazi" inaeleweka kote kuliko "ina hitilafu".

Kuwafikia wasio na intaneti

Ukurasa ni chanzo, wala si njia pekee. Panga ujumbe wa simu utoke kwenye taarifa ileile, ili yasije yakatokea maneno mawili yanayopingana. Ujumbe mmoja wa kawaida huchukua herufi 160. Ukiweka emoji au herufi zisizo za kawaida, nafasi hushuka hadi herufi 70, na gharama hupanda. Mfano unaotosha:

"Dawati la usajili Kigali: LIMEFUNGWA leo Jumanne 14/5. Usije. Litafunguliwa Jumatano saa 3 asubuhi (09:00). Imeandikwa saa 1:30 asubuhi (07:30)."

Tuma ujumbe kwa mabadiliko makubwa tu: kufungwa, kuhama na kufunguliwa. Mtu akipokea ujumbe kila foleni inaporefuka, ataacha kuusoma. Kambini, chapisha hali ya kesho kila jioni na kuibandika mahali pa maji na kituo cha afya, ikiwa na tarehe kubwa. Karatasi ya jana iondolewe kabla ya kubandika ya leo.

Ukurasa usiwe nyumba moja na huduma zake

Tarehe 28 Februari 2017, huduma ya kuhifadhi data ya kampuni ya Amazon ilianguka nchini Marekani baada ya amri moja kuandikwa vibaya wakati wa kazi ya kawaida. Tovuti nyingi zilisimama. Ukurasa wa hali wa Amazon wenyewe haukuweza kubadilishwa kwa saa mbili hivi, kwa sababu nao ulitegemea huduma ileile iliyoanguka. Kampuni ililazimika kutumia Twitter. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea pamoja kwa muda wa saa sita hivi. Yeyote aliyekuwa akitangaza huduma zake kwa WhatsApp pekee hakuwa na pa kutangazia. Na Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na Seacom kulipunguza kasi ya intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwemo.

Funzo ni la vitendo. Ukurasa wa hali usikae kwenye seva iliyo ndani ya ofisi ileile, kwa umeme uleule na mtandao uleule. Uwe mwepesi kiasi cha kufunguka kwenye mtandao dhaifu. Na kuwe na njia ya pili iliyokubaliwa mapema: redio ya jamii, kipaza sauti cha kambi, au ujumbe wa simu.

Taarifa binafsi na usalama

Anayejiandikisha kupokea ujumbe atoe nambari ya simu na mahali tu. Usimwombe jina, nambari ya familia wala uraia. Sheria ya Rwanda Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi, na orodha ya nambari za simu za wakimbizi ni taarifa nyeti kwa maisha yao. Mtu aweze kujiondoa kwa neno moja.

Kuna huduma ambazo hali yake isitangazwe kwa undani. Kwa manusura wa ukatili, taja njia ya kuingilia, kama vituo vya Isange, lakini kamwe usitaje mahali pa hifadhi salama. Kwa malipo ya fedha, siku inatosha. Kutangaza saa na njia watakayopita watu wenye pesa ni kuwaita wezi.

Nani ana ufunguo?

Andika majina ya watu wawili kwa kila huduma: anayethibitisha na anayemshikia nafasi akiumwa au akiwa likizo. Ikiwa ni mmoja tu, ukurasa utakufa siku mkataba wake utakapokwisha. Wape ruhusa ya kutangaza "imesimama" papo hapo bila kusubiri saini ya mkuu. Idhini inaweza kuhitajika kwa maelezo ya sababu, lakini isihitajike kwa maneno "usije leo".

Ukaguzi wa mwisho kabla ya kufungua ukurasa

- Saa ni za Kigali, na zimeandikwa kwa njia mbili.
- Kila huduma ina rangi, neno, alama, tarehe na saa ndani ya kisanduku chake.
- Kila huduma ina muda wa uhalali na watu wawili wa kuithibitisha.
- Umeacha ukurasa siku mbili bila kuugusa, na umegeuka kijivu.
- Umechapishwa kwa nyeusi na nyeupe, na msomaji mgeni ameuelewa.
- Umefunguliwa kwenye simu ya bei ndogo, yenye mtandao dhaifu, na umefunguka.
- Nambari za 112 na 912 ziko juu, pamoja na maneno "huduma hizi hazilipiwi".
- Chini kuna njia ya msomaji kusema: nilifika, nikakuta pamefungwa.

Soma taarifa za mstari huo wa mwisho kila jioni. Zikilingana na ukurasa, mipangilio yako inafanya kazi. Zisipolingana, rekebisha ukurasa usiku huohuo, kabla mtu mwingine hajaondoka nyumbani alfajiri.